Kitako Mbele, Mlangoni kwa Nizar

Kwenye lami

Nilikuwa nimelala kifudifudi, shavu juu ya lami iliyolowa mvua, mikono nimeinyoosha mbele kama mtu anayeogelea. Askari mmoja alikuwa ananipigia kelele neno lile lile, tena na tena, na mimi silijui. Mwingine alikuwa amenikandamiza goti mgongoni, upande huu wenye nyonga mbovu. Ndizi nilizobeba zilikuwa zimetawanyika mpaka kwenye maua ya jirani. Kofia yangu sijui ilikwenda wapi.

Bastola ilikuwa pale kwenye ngazi ya mlango wa Nizar, imefunguka katikati, tupu, kitako kimeelekea mlangoni. Nilivyoiweka ndivyo ilivyokaa.

Nikainua jicho moja, maana la pili lilikuwa limebanwa na lami. Dirisha la juu, pazia lilikuwa limesogezwa kidogo, na kwenye ule upenyo niliona miwani. Nikamjua. Nikapiga kelele kwa nguvu yote iliyokuwa imebaki: "Bwana Nizar! Waambie mimi ni nani! Ni Festo! Waambie!"

Pazia likarudi mahali pake.

Mmeniuliza wote, kule gereji kwa Mudi na wengine kwenye simu, Landani kulikuwaje. Nimechoka kusimulia kwa mdomo. Kila nikifika kwenye pazia sauti inakatika, na nyinyi mnarukia kuniuliza habari za theluji. Theluji sikuiona. Basi nimeandika. Shule yangu mnajua iliishia wapi, anayetaka kucheka mwandiko acheke, lakini asome mpaka mwisho. Habari za viza na tiketi na vibali naziruka, zilinichosha mara moja, inatosha.

Kabla ya safari

Wengine mlikuwa hamjazaliwa, kwa hiyo naanzia huku nyuma.

Nilikuwa mlinzi kwenye shamba la mkonge la mzee Jivraj, kijana wa nguvu zangu. Kila mwisho wa mwezi lori lilileta mishahara kutoka mjini, na lilikuja na askari polisi wa kulisindikiza. Mwezi ule askari hawakuwepo. Tulikuwa watatu: dereva Mchome, mlinzi mwenzangu Saidi, na mimi. Kwenye kikorongo kabla ya shamba tukakuta gogo limelazwa njiani. Mchome alikufa bado ameshika usukani. Saidi alikufia mapajani mwangu. Mimi nilipigwa risasi ya nyonga, nikabaki na bastola ya shamba mkononi, nikapiga mpaka majambazi wakakimbia. Zaidi ya hapo siandiki.

Mzee Jivraj, Mungu amrehemu, alikuja hospitali mwenyewe. Akasema, "Hii sasa ni yako," akaniandikishia kwa jina langu. Ilikuwa bastola ya zamani ya Kiingereza, ya kukunjuka katikati, na chini ya kitako ilikuwa na pete ya kufungia kamba. Niliiweka chini ya mto, tupu bila risasi, nikalala. Bila ile bastola nilikuwa nasikia lori likifunga breki kwenye gogo, nikifumba macho tu. Ikiwa chini ya mto sikusikia kitu. Sijui kwa nini. Madaktari nao hawajui.

Mzee alipofariki, mwanawe Nizar akauza shamba. Akaniita ofisini. "Festo, kibali chako hawakiongezi tena. Niuzie mimi, la sivyo serikali itaichukua bure." Nilikuwa kijana, aliyesema ni mtoto wa bosi, nikamwuzia. Miezi michache baadaye afisa wa wilayani akaniambia hakuna mtu aliyewahi kukataa kibali changu. Nilipomtafuta Nizar akawa ameshahamia Landani na familia yake.

Tangu hapo silali usingizi wa watu. Mke wangu anajua, nalala nimekaa, nimeegemea ukuta. Kilichobaki ni ile kamba, nilikuwa nimeifungua siku ya kuuza kwa sababu ilikuwa yangu, niliisokota mwenyewe kwa katani.

Ndipo mpwa wangu Dismas, anayeishi Peckham, Landani, aliponipigia. "Mjomba, huku bastola za kale zinauzwa kama mapambo. Zile ambazo risasi zake hazitengenezwi tena. Halali kabisa. Njoo uchague kwa mkono wako." Na akaongeza, "Halafu nimempata Nizar wako. Yuko Stanmore."

Kilosa mpaka Landani

Kule Dar ndege ilichelewa mpaka watu wakaanza kutandika khanga sakafuni. Mama mmoja wa Kigoma aliyekuwa anakwenda kuona mjukuu alinigawia karanga, akaniuliza nafuata nini Ulaya. Nikamwambia nafuata usingizi. Akacheka, akasema, "Baba, usingizi si ungeutafuta hapa hapa bure?" Ndani ya ndege alilala begani kwangu mpaka tunashuka kubadilisha ndege. Nilimwonea wivu.

Kule Landani Dismas alisema nitamkuta mlangoni pa uwanja. Sikumkuta. Nilikaa kwenye kiti cha chuma nikiwaangalia watu wakikumbatiwa, mmoja baada ya mwingine, mpaka anayefagia akaanza kunisalimia kama jirani. Dismas anafanya kazi ya kutunza wazee majumbani, na aliyetakiwa kumpokea zamu hakutokea. Alipofika macho yake yalikuwa mekundu kuliko yangu.

"Mjomba, nisamehe. Shifti imenikaba."

"Shifti ndiyo nani?"

"Ndiyo bosi wangu, Mjomba. Huyo hana sura."

Ninamtaja hapa kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza. Haikuwa ya mwisho.

Peckham

Nilidhani nitaona Uzungu. Kwenye mtaa wa Dismas nikaona mihogo, magimbi, dagaa wa pakiti, wanawake wanasukwa nywele mpaka jioni, na makanisa juu ya maduka yanapigana kwa spika. Muuza ndizi aliniita "Papa," Mkongo yule, Kiswahili chake kina mwendo wake, akanichagulia ndizi za kupika huku akinisimulia magoti yake.

Lifti ya jengo ilikuwa mbovu. Kwa nyonga yangu kila ngazi ilikuwa safari. Ndani nilikaa na Irene, binti wa Dismas. Nikisema "Mwanangu, habari za shule," ananielewa vizuri, anatabasamu, anajibu kwa Kiingereza, anarudi kwenye simu. Tulikula ugali wa jana tukiwa kimya kama watu waliogombana, na hatukugombana.

Nililala nimekaa, nimeegemea ukuta wa Dismas kama ninavyoegemea wangu.

Stanmore, mara ya kwanza

Dismas alinipeleka kwa treni inayopita chini ya ardhi halafu ikatokeza juu, ikaenda mpaka reli ikaisha. Huko kumetulia. Miti imekatwa sawasawa, magari yamelala mbele ya nyumba, mtu humwoni.

Nizar alifungua mlango mwenyewe. Amezeeka, amekuwa mdogo. "Festo! Bado hujafa wewe?"

"Nimejaribu, Bwana Nizar, wamenikataa."

Akacheka kweli kweli, akanishika mabega. Kiswahili chake hakijaharibika hata kidogo, kile kile cha shambani. Mkewe, Bi Gulshan, alileta chai ya maziwa yenye tangawizi na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na aliposikia nasifu mihogo akaenda kukaanga mingine. Sijala kitu kizuri kama kile Landani nzima. Hilo naliandika kwa haki yake.

Nikamwuliza Nizar bastola yangu iko wapi.

"Ah, ile? Niliiuza Dar kabla ya kupanda ndege. Mtu mwenyewe hata jina silikumbuki." Aliposema hivyo alikuwa anaangalia kikombe. Halafu akachangamka: "Lakini tafuta nyingine, zipo. Ukiipata niletee niione. Mimi naijua ile kuliko wewe, nilikuwa naipokea mlangoni kila siku, unakumbuka?"

Nakumbuka. Na nyinyi lazima mlielewe jambo hili, maana safari yangu yote ilivunjikia hapo. Mzee Jivraj alikuwa na desturi yake, na walinzi wote tuliishika kama sala. Silaha haiingii nyumbani kwake imefichwa. Ukifika unasimama kwenye ngazi, mahali pa wazi, unaikunjua katikati aone ni tupu, unaigeuza kitako mbele, ndipo unabisha hodi. Mwenye nyumba anaipokea kwa mkono wake, anakukaribisha. Anayefika na silaha ndani ya nguo, mzee alikuwa anamfukuza kazi siku hiyo hiyo, alisema mtu huyo amekuja kwa ubaya. Nizar tangu mtoto wa shule alikuwa anakimbia kuipokea kabla ya baba yake. Tulikuwa tunamtania, "Bosi mdogo, usidondoshe!"

Pale mezani, mihogo imetushibisha, nikasema neno ambalo nilikuwa nalo miaka mingi. Sikulisema kwa hasira.

"Bwana Nizar, siku ile ya lori, wale askari wa kusindikiza uliwarudisha wewe. Karani wa shamba aliniambia kabla hajafa. Kwa nini?"

Bi Gulshan akaacha kumimina chai. Dismas akanikanyaga mguu chini ya meza.

Nizar akasema, "Mambo ya zamani, Festo. Kunywa chai."

Nikanywa. Njiani Dismas alinisema kutoka Stanmore mpaka tunashuka. "Mjomba, umekaribishwa chai unafungua kesi!" Nikamwambia nimeuliza swali tu. Jibu lake lingekuwa hata "nilikosea," ningelipokea.

Ukumbi wa vyuma vikuukuu

Jumapili Dismas akanipeleka kwenye hoteli moja ambayo ukumbi wake ulijaa meza, na kila meza imejaa mapanga, kofia za chuma, vifungo vya askari waliokufa zamani. Wazee wa Kizungu wanazunguka taratibu, mikono nyuma, kama wako makaburini. Nilishika bastola nyingi. Hii nyepesi, hii kitako chembamba, hii haina pete.

Karibu na choo alikuwa mzee mmoja mwenye sweta lililotoboka kiwiko, anakula sandwichi juu ya bidhaa zake. Mbele yake ilikuwepo. Nzito kidogo kuliko yangu, mtutu mfupi kidogo, lakini inakunjuka katikati, na pete iko mahali pake. Mkono wangu uliijua kabla yangu.

Nikataka kuhakikisha. Kuhakikisha kwangu ni kumoja tu. Nikavua koti, nikalikunja, nikaweka bastola mezani, koti juu yake, kichwa juu ya koti, nikafumba macho.

Yule mzee akaacha sandwichi, akaita watu. Wakadhani nimeanguka. Mmoja ananipepea kwa kitabu, mwingine amenishika kiganja anatafuta mapigo, Dismas anakimbia kutoka chooni anapiga kelele "Mjomba! Mjomba!" Mimi sikutaka kufungua macho. Naapa kwenu, kelele zote zile, sikulisikia lori.

Dismas alipowaeleza, yule mzee alikaa tena kwenye kiti chake. Akasema kitu kirefu, Dismas akatafsiri: "Anasema baba yake naye alirudi vitani akawa halali. Anasema alikuwa anashika saa usiku kucha." Akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake, akaifunga bastola kwa gazeti, akaandika stakabadhi kwa herufi kubwa. Huyu namtaja kwa wema. Jina lake silijui.

Nikatoa kamba yangu mfukoni, nikafunua gazeti kidogo, nikaifunga kwenye pete. Ilikaa.

Hapo hapo simu ya Dismas ikalia. Nilijua ni nani kabla hajasema.

"Mjomba, shifti. Mtu kaugua. Nakupeleka mpaka stesheni, treni unaijua, unashuka reli inapoishia. Nyumba unaikumbuka?"

"Kwani tunakwenda Stanmore leo?"

"Nizar si alisema umpelekee? Nimeshamtumia ujumbe unakuja. Utakula mihogo, nitakufuata jioni."

Stanmore, mara ya pili

Jumapili ile treni ilikuwa inatengenezwa njia. Katikati ya safari tukateremshwa wote, tukapangwa foleni ya mabasi kwenye mvua. Mama mmoja wa Kihindi alinisogeza chini ya mwavuli wake, akaniuliza natoka wapi, nikasema Tanzania, akasema yeye alizaliwa Moshi, akaanza kulia kidogo, sijui kwa ajili ya nini. Tukapanda basi likapotea njia, dereva anauliza abiria. Nyonga ilikuwa inawaka. Nilishuka kwenye mtaa wa Nizar nimechoka mpaka kwenye meno, mkono mmoja mfuko wa ndizi nilizonunua njiani, maana huendi kwa mtu mara ya pili mikono mitupu, na ndani ya koti bastola kwenye gazeti.

Nikafika kwenye ngazi. Mbele ya nyumba ya Jivraj, hata kama ni Landani, mkono wangu ulifanya kile ulichofundishwa. Nikaitoa kwenye gazeti. Nikaikunjua. Nikaigeuza kitako mbele. Nikabonyeza kengele, nikangoja.

Hakuna aliyefungua. Nikabonyeza tena. Kengele ya nyumba ile ina jicho la kamera, ukibonyeza mwenyewe anakuona kwenye simu. Nikaisogezea ile bastola karibu, aone ni tupu, aone pete. Nikasema, "Bwana Nizar, nimeipata! Njoo uipokee!" Nikatabasamu hata. Nilimngoja kama tulivyokuwa tunamngoja bosi mdogo aje mbio.

Walikuja polisi.

Chumba chao

Walinitafutia mkalimani kwa simu, Mkenya, kijana mwenye haraka.

"Mzee, wanauliza ulikuwa unataka nini pale kwa huyo jamaa."

"Kumkabidhi."

"Kumkabidhi aje? Ulikuwa unamuuzia?"

"Hapana. Aipokee, anikaribishe ndani, anirudishie."

"Mzee, hiyo nitawaambiaje hawa watu?"

Askari wa kike aliyekuwa anaandika hakuwa mbaya. Aliniletea chai, mbaya kuliko zote nilizokunywa Landani, na mto wa kuwekea nyonga. Walimpigia yule mzee wa sweta, akathibitisha. Wakaona ni ya kale, haina kosa. Lakini kuishika hadharani mbele ya nyumba ya mtu, hilo lilitaka maelezo. Mkalimani akaniambia: "Wanasema ni rahisi. Mwenye nyumba aseme anakujua, aseme alikualika, aeleze hiyo desturi yenu. Akisema, unapewa kitu chako unaenda."

Nikapumua. Nikasema, basi, hilo ni la dakika moja.

Nikangoja mpaka wakabadilishana zamu. Dismas akaja, bado amevaa nguo za kazi, akanikuta. Jibu la Nizar lilikuwa limefika: hana cha kusema.

Nikaachiwa bila bastola. Kamba nilipewa, kwenye mfuko wa plastiki, imekatwa kwa kisu karibu na fundo.

Kurudi

Siku zilizobaki Dismas alipiga simu Stanmore akikaa, akisimama, akiwa kwenye basi. Nizar hakushika. Siku ya kuondoka akashika Bi Gulshan. Dismas akaweka sauti nje nisikie.

"Mwanangu, mimi nilikuwa dukani," alisema, analia. "Ye ndo alowapigia polisi. Ujumbe wako aliuona. Alikuwa juu, akamwona kwenye simu, akapiga. Nimemwambia nenda kaseme, hataki. Mwambie Bwana Festo mi naona aibu."

Mama, aibu si yako. Mihogo yako bado naikumbuka.

Kwenye ndege nilikaa dirishani, macho wazi. Dar mvua, Morogoro mvua, nyumbani mke wangu aliuliza, "Umeipata?" Nikamwonyesha kamba. Akanisogezea mto ukutani.

Sasa wewe Dismas, uliyeniacha njiani kwa ajili ya huyo bosi wako asiye na sura, umekosa, na utaendelea kwenda pale polisi kuidai bastola mpaka waichoke sura yako. Hilo tumemaliza.

Lakini wewe Nizar. Najua Dismas atakusomea haya, na Kiswahili chako hakijaharibika. Ulijua nakuja. Ulimwona Festo, ulimwona kwenye kamera na kwenye dirisha. Uliona imekunjuliwa, uliona kitako mbele, na hakuna mtu duniani anayejua maana yake kuliko wewe uliyekuwa unakimbia kuipokea. Ukaogopa. Mlinzi wa baba yako, kilema, na ndizi mkononi, ukamwogopa. Nimekaa na jambo hili ukutani kila usiku tangu nirudi, na sioni ulichoniogopea isipokuwa swali nililokuuliza tukinywa chai.

Basi nalirudia hapa mbele ya watu. Mama yake Saidi bado yuko hai, na mmoja wa watoto wa Mchome ndiye fundi hapo kwa Mudi, anasoma haya pamoja na wengine. Wale askari uliwarudisha kwa nini? Nenda polisi ukaseme unanijua, halafu utujibu. Usinipigie mimi. Mpigie mama yake Saidi, naye simu anayo.